Gari Kimya Halijalala

Fundi Sikio alisukuma mlango wa bati wa gereji yake. Mlango ulilia. Hiyo ndiyo sauti ya kwanza iliyosikika asubuhi hiyo, na kwa muda mrefu haikufuatwa na nyingine.

Alifagia sakafu. Jana pia alikuwa ameifagia, na tangu jana hakuna aliyeingia kuichafua. Alipanga spana zake ukutani, kubwa juu na ndogo chini. Akazifuta vumbi. Kisha akakaa kwenye kiti kilichong'olewa katika gari la zamani, akatazama barabara.

Watu walimwita Sikio kwa sababu aliyatibu magari kwa kuyasikiliza. Aligusisha ncha ya bisibisi ndefu kwenye injini, mpini akauweka sikioni, akafumba macho. "Beringi ya pampu ya maji imekwisha," alisema. Akifungua, ni hiyo hiyo. Wateja walimtania kwamba anaweza kulisikia hata gari linalowaza kuharibika.

Siku hizo gereji ilijaa. Mke wake alimshikia taa, huku akimpa habari za mtaa mzima. Fundi hakuhitaji redio. Sasa mke wake alikuwa amefariki, na taa ilining'inia kwenye waya.

Magari nayo yalikuwa yamebadilika. Mengi yalipita barabarani kimyakimya kama mtu anayetembea na soksi tu. Mengine yalikuwa haibridi, yaani yanatumia petroli na umeme pamoja. Mengine yalikuwa ya umeme mtupu. Wenye magari hayo walipomjia, Fundi aliwarudisha.

"Hilo si gari," aliwaambia. "Hiyo ni redio yenye magurudumu. Mpelekee fundi redio."

Watu walicheka, wakaondoka. Hawakurudi.

Siku hiyo mwanawe alipiga simu. Alikuwa akiishi mji mwingine na mke na watoto.

"Baba, umekula?"

"Nimekula."

"Umekula nini?"

"Chakula."

"Baba!" Mwanawe alivuta pumzi. "Sikiliza. Mwisho wa mwezi nakuja na lori tupakie vyombo. Nimekuandalia chumba cha mbele, chenye dirisha."

"Nitafanya nini humo?"

"Utapumzika."

"Mwaka mzima nimepumzika, mwanangu. Nimechoka kupumzika."

"Basi tuelewane," mwanawe alisema. "Ukiniambia gereji imepata kazi, siji. Lakini kama unakaa hapo kutazama ukuta, nakuja na lori. Silali, Baba, nikikufikiria peke yako."

Fundi alikubali. Alijua vizuri kwamba bila gereji angekuwa mgeni hata kwa mwanawe. Angeketi kwenye chumba chenye dirisha, akingoja kuitwa mezani.

Siku chache baadaye gari jeupe liliingia gerejini. Fundi hakulisikia. Aliinua macho akaliona limesimama mbele yake.

Aliyeshuka alikuwa Mkunga. Mama huyu alifanya kazi katika zahanati ya mtaa, na alikuwa rafiki mkubwa wa marehemu mkewe.

"Shemeji, hujambo?"

"Sijambo, shemeji. Umelipata wapi dudu hili?"

"Usilitukane, linakusikia. Nililinunua mwaka jana, halili petroli nyingi. Lakini sasa taa ya hatari inawaka. Gereji ya kule juu wameniambia betri kubwa imekufa, ninunue nyingine. Bei yake nusura nizirai, na mimi ndiye ninayezindua waliozirai!"

"Shemeji, magari haya siyajui."

"Najua huyajui. Lakini wewe hujawahi kunidanganya. Litazame tu." Mkunga alitupa macho barabarani. Gari lililokuwa limpeleke kazini lilishapiga honi. "Kuna mama ana uchungu, natakiwa sasa hivi. Nakuachia!"

Akatoka mbio. Ufunguo aliuacha ndani ya gari, mahali pa kuwekea kikombe. Kitufe cha kuzimia hakukigusa. Gari lilikuwa kimya, naye aliamini amelizima.

Fundi alifungua boneti. Alisikiliza. Hapakuwa na mngurumo wala mtetemo. Kwake yeye, tangu ujana wake, gari lisilotoa sauti ni gari lililozimwa. Alichukua kitambaa, akaingiza mkono karibu na mkanda wa injini ili afute vumbi aone vizuri.

Injini ikawaka yenyewe.

Mkanda ulikinyakua kitambaa ukakivuta. Fundi alirudisha mkono kwa nguvu, akaanguka chali. Ngozi ya vidole viwili ilikuwa imechanika. Kitambaa kilizunguka mle ndani, kikararuka, kikatupwa chini vipande vipande. Injini ilinguruma kidogo, kisha ikanyamaza tena kana kwamba haikufanya lolote.

"Jamani!" Fundi aliita.

Ng'ambo ya barabara, pampu ya upepo ya duka la pancha ilikuwa ikipiga kelele. Hakuna aliyesikia. Fundi hakuita tena. Alikaa pale sakafuni, mkono kifuani, akitazama viatu vyake. Hakuumizwa sana na vidole. Aliumizwa na wazo moja. Kama ningenaswa, aliwaza, ningekaa hapa mpaka lini?

Jioni Mwalimu alirudi nyumbani. Alikuwa dada kijana aliyepanga chumba cha uani kwa Fundi, nyuma ya gereji. Alifundisha ufundi wa magari ya umeme katika chuo cha jirani. Alikuwa mtu wa haya. Alimwamkia Fundi asubuhi, akamwamkia jioni, kisha akajifungia chumbani na kupika chakula cha mtu mmoja. Fundi naye alipika cha mtu mmoja upande wa pili wa ukuta.

Siku hiyo Mwalimu aliuona mkono uliofungwa kitambaa.

"Shikamoo, Baba. Umeumia?"

"Marahaba. Nimekwaruzwa na paka."

Mwalimu alilitazama gari jeupe. Aliinama akachungulia dirishani. Kwenye dashibodi palikuwa na taa ndogo ya kijani.

"Paka huyu?" aliuliza kwa sauti ndogo.

Fundi alikohoa.

"Mbona bado yuko macho, Baba? Hajalala. Tazama taa ile. Ikiwaka, gari liko tayari kuondoka, hata kama halitoi sauti."

"Lakini injini ilikuwa imezimwa!"

"Ilikuwa imepumzika. Haibridi ina injini ya petroli, na ina mota ya umeme. Kompyuta ya gari ndiyo inayoamua nani afanye kazi. Gari likisimama, injini inapumzishwa. Betri ikipungukiwa, injini inawashwa ili iijaze. Haikuulizi kama mkono wako uko ndani."

Alifungua mlango, akabonyeza kitufe cha kuzimia. Taa ya kijani ikazimika. Kisha akauchukua ufunguo.

"Na huu usikae karibu na gari unapofanya kazi. Upeleke mbali, ndani ya nyumba. Gari likiuhisi uko karibu, mtu anaweza kubonyeza kitufe tu likaamka."

Alileta maji safi na sabuni, akauosha mkono wa Fundi. Jeraha halikuwa refu, lakini alimshauri aende zahanati kesho yake lisije likaoza. Fundi alimwacha aoshe. Ilikuwa muda mrefu tangu mtu amshike mkono.

"Zile waya za rangi ya machungwa ni za nini?" aliuliza.

"Hizo ndizo za kuogopa kuliko mkanda. Zinabeba umeme wa betri kubwa. Rangi hiyo imewekwa ili ikuonye. Umeme wake unaua, Baba."

"Basi nilikuwa na haki kuyafukuza."

"Moto nao unaua, na tunapikia." Mwalimu alishangaa kujisikia akisema hivyo kwa mtu mzima. Aliinamisha kichwa, akaendelea. "Una akili ya kazi. Unachokosa ni njia yake."

"Kwani yana faida gani, zaidi ya kukata mikono ya watu?"

"Gari la petroli ukilisimamisha, nguvu yote ya mwendo inapotea kwa joto la breki. Hili ukikanyaga breki, mota inageuka kuwa jenereta. Inarudisha umeme kwenye betri. Ndiyo maana Mkunga ananunua petroli kidogo. La umeme mtupu halina petroli kabisa. Linachajiwa kwa waya, kama simu."

"Na betri ikifa?"

"Hufa, ndiyo. Lakini hatumziki mtu kabla ya kumpima."

Fundi alicheka kidogo. Aliwaza juu ya lori la mwanawe. Mwezi ulikuwa ukienda mbio.

"Nifundishe," alisema.

"Chuoni tuna mafunzo ya Jumamosi kwa mafundi wenye gereji. Njoo. Na gari hili nitasimama nawe mara ya kwanza." Mwalimu alisita. "Lakini kuna sharti moja. Kazi ya umeme mkubwa haifanywi na mtu mmoja. Lazima awepo wa pili. Hagusi chochote, hashiki spana. Anakutazama tu. Ukipigwa na umeme, yeye ndiye wa kukuokoa na kuita msaada."

"Si wewe hapo?"

"Mimi niko chuoni kutwa nzima. Unamhitaji mtu wa karibu, wa kila siku. Una nani, Baba?"

Swali lilikuwa la kazi tu. Lakini Fundi aliutazama ukuta wenye spana. Akaitazama taa kwenye waya.

"Nitatafuta," alisema.

Usiku huo usingizi ulimkawilia. Mtu mmoja tu alimjia akilini, na huyo alikuwa amemfukuza yeye mwenyewe.

Mtu huyo alikuwa mwenye duka la pancha ng'ambo ya barabara. Wote walimwita Pancha. Zamani yeye na Fundi walikuwa chanda na pete. Pancha alikuwa mtu wa mzaha. Baada ya maziko ya mke wa Fundi, alikuja gerejini akatoa mzaha, akitaka kumchekesha rafiki yake. Fundi alifoka: "Niache peke yangu! Usinizoee!" Pancha akaondoka. Tangu siku hiyo walikuwa wakipungiana mikono tu.

Asubuhi Fundi alivuka barabara. Barabara yenyewe ilikuwa nyembamba, lakini siku hiyo aliiona pana kama mto.

Pancha alikuwa amechuchumaa, amezamisha mpira wa tairi kwenye beseni la maji, akitafuta mapovu.

"Umepotea njia?" aliuliza bila kuinua kichwa.

"Sijapotea."

"Basi una pancha. Mbona sioni tairi? Au ni wewe mwenyewe unayevuja?"

Fundi alitaka kucheka.

"Nahitaji mtu," alisema.

Pancha aliinua kichwa.

"Mtu wa nini?"

"Wa kusimama karibu nami nikitengeneza magari ya umeme. Mwalimu anasema kazi ile haifanywi peke yako."

"Asimame afanye nini?"

"Anitazame."

"Wewe? Nitafutie adhabu nyingine! Mke wangu mwenyewe simtazami kiasi hicho."

Mapovu madogo yalipanda kutoka kwenye mpira, yakapasuka juu ya maji.

"Uliniambia nikuache," Pancha alisema polepole.

"Nilisema."

"Nikakuacha."

"Uliniacha kweli."

"Si kweli sana." Pancha alizungusha mpira majini. "Kila asubuhi nasubiri mlango wako ulie. Ukilia, najua umeamka salama. Ndipo nawasha pampu yangu."

Fundi alimtazama. Mwaka mzima alikuwa amedhani mlango ule unamlilia yeye tu.

"Na mkono huo?" Pancha aliuliza.

"Mkanda wa gari. Jana."

"Jana! Mbona hukuita?"

"Niliita."

Pancha aliitazama pampu yake ya upepo. Akatazama chini. Kisha akasimama, akajifuta mikono kwenye suruali.

"Haya," alisema. "Tunaanza lini kutazamana?"

Jumamosi walikwenda chuoni wote wawili. Fundi alikaa nyuma kabisa, karibu na mlango, kama mtu aliye tayari kukimbia. Lakini Mwalimu, ambaye uani alisema kwa kunong'ona, mbele ya darasa alikuwa na sauti iliyonyooka. Aliwaonyesha gari lililokatwa ubavu ili watu waone ndani. Aliwaonyesha njia ya zile waya za machungwa, kutoka kwenye betri nyuma mpaka kwenye mota mbele. Aliwaonyesha plagi ya usalama. Ukiichomoa, betri kubwa inatengwa na gari.

"Ukishaichomoa, itie mfukoni mwako," alisema. "Usiiweke mezani. Mtu mwema anaweza kukuona umeisahau, akairudisha."

"Watu wema ndio wanaoua," Pancha alisema. Darasa likacheka.

"Kisha unangoja. Kuna umeme unaobaki umejificha kwenye vyombo hata baada ya plagi kutoka. Soma kitabu cha gari lako kikuambie ungoje kiasi gani. Ukimaliza kungoja, pima kwa mita. Usiamini macho wala masikio yako. Amini mita."

Fundi aliona kama maneno hayo yametumwa kwake. Hayakumuuma. Aliyaandika.

Pancha naye alipewa fimbo ndefu isiyopitisha umeme, yenye ndoano.

"Kwa hiyo akinaswa, nisimkumbatie?"

"Usimguse hata kidogo," Mwalimu alisema. "Ukimshika, mtakuwa wawili. Mvute kwa ndoano. Piga simu ya dharura. Kama hapumui, anza kumbana kifua, kama nitakavyowaonyesha sasa."

Siku hiyo Pancha alibana kifua cha sanamu ya mafunzo mpaka jasho likamtoka. Hakutoa mzaha wowote. Fundi alimwona, akageuza uso upande mwingine.

Siku ya kulifungua gari la Mkunga ilipofika, Mwalimu alikaa kwenye kiti cha karibu na mlango.

"Mimi leo sipo," alisema. "Nitasema tu mkikosea."

Fundi alilizima gari. Alihakikisha taa ya kijani imekufa. Aliupeleka ufunguo chumbani kwake. Alirudi akachomoa waya wa betri ndogo, ile ya kawaida ya gari. Kisha akachukua glavu nene za mpira, za kazi ya umeme, alizonunua kwa muuzaji wa vitu vilivyotumika.

"Zipimwe kwanza," Mwalimu alisema.

"Lete hapa," Pancha alisema. "Hiyo ni kazi yangu."

Aliijaza upepo glavu ya kwanza, akaikunja mdomo kwa nguvu ili upepo usitoke, akaileta karibu na shavu lake. Ilikuwa nzima. Akafanya hivyo kwa ya pili. Alitulia. Akaisogeza tena shavuni, karibu na kidole gumba.

"Inavuja," alisema.

"Wapi? Sioni kitu," Fundi alisema.

"Huwezi kuona. Miaka yote hii natafuta matundu, bwana. Hapa pana tundu dogo kama jicho la siafu." Pancha akaanza kuelekea dukani kwake. "Nipeni dakika mbili niizibe."

"Hapana!" Mwalimu alisimama. "Glavu ya umeme haizibwi, mzee wangu. Inatupwa."

"Itupwe? Kwa tundu hili?"

"Tundu hilo linatosha umeme kupita."

"Nimeziba matundu makubwa kama mdomo wa huyu!" Pancha alimwonyesha Fundi. "Nitawaambia nini watu? Pancha katupa kitu kwa sababu ya tundu?"

"Waambie rafiki yako yuko hai."

Pancha aliitazama glavu, akamtazama Fundi. Alichukua mkasi, akaikata vipande ili asije mtu mwingine akaiokota na kuitumia. Mwalimu alikwenda chumbani akaleta glavu zake mwenyewe. Pancha alizipima hizo nazo, mara mbili. Zilikuwa salama.

Fundi alizivaa, akachomoa plagi ya usalama, akaitia mfukoni. Wakangoja kama kitabu kilivyosema. Ulikuwa muda wa kimya, na Fundi hakujua la kufanya na kimya kile chenye watu.

"Habari za mtaa unazo?" alimwuliza Pancha hatimaye.

"Ninazo za mwaka mzima," Pancha alisema. "Nianzie wapi?"

Muda ulipotimia, Fundi alipima kwa mita. Ilisoma sifuri. Ndipo alipoinua kiti cha nyuma na kufungua kifuniko. Pancha alisimama hatua chache nyuma yake, fimbo mkononi, macho hayabanduki.

Ubavuni mwa kiti cha nyuma palikuwa na tundu lenye wavu. Hapo ndipo feni ilipovutia hewa ya kupoza betri kubwa. Wavu ulikuwa umeziba. Feni yenyewe ilikuwa imefunikwa na nyuzi laini, nyeupe na za samawati, zimesokotana na vumbi kama kiota cha ndege.

"Nyuzi za nini hizi?" Fundi aliuliza.

Pancha alinyoosha kidevu kuelekea kona ya gereji. Pale walikuwa wameweka mzigo waliouondoa kwenye kiti cha nyuma. Ulikuwa rundo la vitambaa vya kupokelea watoto wachanga.

Fundi aliisafisha feni kwa brashi laini. Akauosha wavu, akaukausha. Mwalimu alileta kompyuta ya kupimia, wakaipima betri sehemu kwa sehemu. Zote zilikuwa nzima. Wakarudisha kila kitu mahali pake, plagi ya usalama kabla ya betri ndogo. Fundi akauleta ufunguo. Taa ya kijani ikawaka. Taa ya hatari haikuwaka, hata walipolizungusha gari mtaani na kurudi.

"Betri haikufa," Fundi alisema. "Ilikuwa inakosa pumzi."

Mkunga alipokuja, alisikia habari yote, akajishika kichwa.

"Kila siku nawakemea akina mama wasimfunike mtoto uso," alisema. "Kumbe mimi nimelifunika gari langu!"

Tangu hapo vitambaa aliviweka kwenye buti. Na mdomo wa Mkunga ulikuwa tangazo tosha. Kila aliyekwenda zahanati na gari la aina ile alirudi na jina la Fundi Sikio. Wengine walikuwa na shida ndogo. Wengine betri zao zilikuwa zimekufa kweli, na Fundi aliwaambia hivyo baada ya kupima. Lililomshinda alimpelekea Mwalimu chuoni.

Mwisho wa mwezi mwanawe alipiga simu.

"Baba, lori nimelipata. Nije?"

"Njoo," Fundi alisema. "Lakini uje na watoto, si na lori. Gereji ina magari mawili ndani, na moja linangoja nje."

"Unasema kweli?"

"Muulize Pancha. Yuko hapa ananitazama."

Lakini jioni ziliendelea kuwa ndefu. Pancha alikwenda kwa mkewe. Mwalimu alirudi chumbani kwake, ingawa sasa mara nyingine alibisha hodi na kuuliza kama kuna chumvi, akakaa kidogo. Fundi alikula, akaosha sahani moja. Upande wa kitanda wa mkewe haukujaa. Kazi haikuweza kufanya hivyo, naye hakuitegemea ifanye hivyo.

Siku moja mlango wa duka la Pancha haukufunguliwa. Alikuwa amekwenda kumwuguza dada yake. Kabla ya adhuhuri, gari jipya la umeme lililetwa gerejini likivutwa na jingine. Mwenyewe alikuwa na haraka.

"Wewe ndiye Fundi Sikio?"

"Ndiye mimi."

"Limezimika njiani. Nimeambiwa unayajua. Lifungue, tafadhali, nina safari."

Fundi alisoma maandishi ya dashibodi, akatazama chini ya gari. "Kosa liko upande wa umeme mkubwa," alisema. "Leo siligusi. Mwenzangu hayupo."

"Kwani mwenzako ndiye fundi?"

"Hapana. Yeye anaziba pancha."

"Mtu wa pancha na gari la umeme wapi na wapi? Anafanya nini?"

"Ananitazama nisife."

Yule bwana alidhani ni mzaha. Alipoona Fundi hacheki, aliangalia mkono wake wenye makovu, akaangalia gari lake.

"Nitalipa zaidi."

"Hata ukilipa zaidi, macho yangu hayawezi kuwa mbele na nyuma. Kama huwezi kungoja, kuna gereji nyingine. Sitanung'unika."

Bwana alipiga simu hapa na pale, akizunguka uani. Mwishowe akatoa ufunguo.

"Anarudi lini huyo mwenzako?"

"Kesho."

Fundi aliupokea ufunguo, akaupeleka ndani, mbali na gari. Akaandika kwa chaki kwenye ubao, HATARI, USIGUSE, akauegemeza kwenye kioo cha mbele. Kisha akarudi kukaa kwenye kiti chake karibu na mlango. Barabara ilikuwa tupu. Duka la ng'ambo lilikuwa limefungwa, na mchana ulikwenda polepole kuliko siku zote. Alipewa kazi na hakuifanya. Hakuwa na mtu wa kuzungumza naye mpaka giza lilipoingia.

Lakini alikuwa na mtu wa kumngoja.